Kulipia Blogu: Uliza Bei ya Mwaka wa Pili

Blogu inakula doo mara mbili: domeni, yaani jina, na seva, yaani keja ya stori zako. Domeni za .ke zinasimamiwa na KENIC, pale Waiyaki Way, Westi, ila unanunua kwa maajenti wake. Ya mtu binafsi ni .me.ke.

Rada ni hii: bei ya kwanza ni chambo. Uliza ya mwaka wa pili, na kama VAT ya 16% imo ndani. Mimi sikuuliza. Bili iliruka nikiwa nimesota, seva ikazimwa, stori zote zikaenda.

Huna ganji? Anza na Blogger. Ni bure, na inakubali domeni yako. Ukilipia seva, weka kopi kwa simu. Na domeni iandikwe jina lako, si la msee wa tao aliyekutengenezea.