Ngege OG: samaki unayedhani unamla kila wikendi

Ukiagiza samaki na ugali kibandani, utaambiwa hiyo ni ngege. Usibishane na mathe wa hoteli. Siku hizi karibu tilapia yeyote huitwa hivyo. Lakini wasee, ngege mwenyewe, yule wa enzi za guka zetu, kumpata ni noma.

Ni nani huyu?

Wanasayansi humwita Oreochromis esculentus. Mwingereza Michael Graham ndiye alimwelezea kisayansi mwaka wa 1928. Hiyo "esculentus" ni Kilatini, maana yake "wa kuliwa". Yaani jina tu lilishamweka sufuriani. Kwao asili ni Ziwa Victoria, Ziwa Kyoga na maziwa madogo ya karibu.

Maisha yake

Msosi wake mkuu ni mwani mdogo sana anaouchuja majini. Kwa mambo ya watoto, mama hachezi: hubeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe, na vifaranga wakiona hatari hurudi humo humo. Ukimvua wakati huo, umebeba familia nzima.

Nani alimmaliza?

Kwanza ni nyavu. Ngege ndiye alikuwa samaki wa pesa ziwani, na akavuliwa kupita kiasi. Samaki walipopungua, miaka ya 1950 akaletwa tilapia wa Nile kujaza pengo. Mgeni huyu hukua haraka, hachagui chakula, na akikutana na ngege wanazaa machotara. Mbuta naye akaletwa, na huyo hula samaki wenzake.

Amebaki wapi?

Shirika la IUCN limemweka kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka. Mojawapo ya maficho yake ni Ziwa Kanyaboli, kaunti ya Siaya, ndani ya kinamasi cha Yala. Huko mbuta hajafika, na mafunjo yanayolizunguka ziwa ni kama ukuta wake.

Shida ni kwamba ukuta wenyewe unaliwa: kinamasi kimekuwa kikikaushwa kwa ajili ya mashamba. Tena tilapia wa Nile akizidi kuingia humo, hakutahitajika hata wavu. Baada ya vizazi kadhaa, machotara watabaki na jina, na ngege mwenyewe atakuwa ameenda.

Kwa hivyo kama unafuga samaki pande za Yala, rada ni hii: vifaranga vya tilapia wa Nile vibaki kwa bwawa lako. Usiwamwage ziwani.