Vibao 75 vya District Six

Hebu muulize kijana yeyote wa mtaani kwetu: nyumba ile inayotazamana na msikiti, miaka 40 iliyopita aliishi nani? Wengi watakujibu, "Muulize nyanya." Na nyanya, Allah ampe umri mrefu, hatakuwa nasi milele. Historia ya darasani tunayo, Wareno na Fort Jesus yao. Ya mtaa ndiyo hatuna.

Wenzetu wa Cape Town, Afrika Kusini, walianza kuikusanya ya kwao mtaa ukiwa umeshaondoka. District Six ilikuwa karibu na bandari. Waliishi humo Waislamu, Wakristo na Mayahudi, mafundi cherehani na makuli, mlango kwa mlango. Tarehe 11 Februari 1966 serikali ya makaburu ikatangaza kuwa hilo ni eneo la Wazungu peke yao. Watu zaidi ya 60,000 wakahamishiwa Cape Flats, nyanda za mchanga na upepo nje ya mji, na nyumba zao zikabomolewa kwa tingatinga. Waliacha misikiti na makanisa. Fikiria, ndugu msomaji, msikiti umesimama peke yake katikati ya majani, na Ijumaa watu wanapanda basi kutoka huko walikotupwa waje waswali pale pale.

Mwaka 1989 wakazi wa zamani na marafiki zao wakaunda taasisi ya kuhifadhi kumbukumbu. Jumba hawakuwa nalo, na kazi nyingi ya mwanzo ilikuwa ya kujitolea. Desemba 1994 wakafungua maonyesho ndani ya kanisa la zamani la Methodist, yaliyopangwa kudumu wiki chache tu. Kilichovuta watu ni vibao 75 vya majina ya barabara. Msimamizi wa ubomoaji alitakiwa avitupe baharini, yeye akavificha nyumbani kwake. Nyumba za watu alizivunja, vibao vyao akavitunza. Mambo ya binadamu haya!

Sakafuni wakatandaza ramani kubwa ya mtaa, na kila mkazi aliyeingia akaandika jina lake mahali nyumba yake ilipokuwa. Ukutani kukawa na kitambaa cha kuandika kumbukumbu, na maandishi hayo baadaye yakatariziwa kwa uzi yasifutike. Watu hawakukubali maonyesho yafungwe. Yakawa makumbusho, yapo mpaka leo, na kwa miaka mingi waliowatembeza wageni walikuwa wale wale waliofukuzwa.

Sasa, asije mtu akasema haya ni ya kujifurahisha tu. Sheria ya mwaka 1994 iliruhusu waliohamishwa kudai haki zao za ardhi, hata wapangaji. Basi swali likawa: uliishi wapi, na nani anakujua? Mwaka 1997 mahakama ya madai ya ardhi ilikaa ndani ya makumbusho hayo hayo. Tarehe 11 Februari 2004, miaka 38 kamili tangu lile tangazo, Mandela aliwakabidhi funguo za nyumba wazee wawili waliopita umri wa miaka 80.

Hapa Kenya, Wanubi wa Kibra wanayajua haya. Mababu zao walikuwa askari wa King's African Rifles, na eneo lililotangazwa rasmi mwaka 1918 lilikuwa ekari 4,197. Hati waliyopewa mwaka 2017 ni ya ekari 288. Hata hizo hawakuzipata kwa kunyamaza. Kuna familia zilizotunza karatasi za ruhusa za babu kwenye sanduku, chini ya nguo.

Vijana wa chama chetu wanaweza kuanza bila jengo. Chumba kimoja cha madrasa, kabati lenye kufuli na zamu za kujitolea zinatosha. Mwezi huu jamaa wako pamoja baada ya futari, na simu ya mkononi inarekodi sauti. Waulizeni wazee nani alichimba kisima, sahani za futari zilipelekwa nyumba zipi, barabara iliitwaje kabla ya jina la sasa. Andikeni jina la msimuliaji na tarehe. Picha za zamani mzinakili na kuzirudisha siku hiyo hiyo, maana picha za kuazima, wallahi, tunajua zinavyopoteaga.