Jeraha la ubongo kazini: Fidia ya WCF ambayo mtumishi na familia yake wanaweza kuikosa kwa kuchelewa

Morogoro. Mtumishi wa umma akivunjika mguu kazini, hakuna wa kubishana naye. Picha ya X-ray ipo, POP anayo mguuni na ofisi nzima imeiona.

Aliyeumia ubongo hana bahati hiyo. Anaweza kurudi ofisini baada ya wiki mbili akitembea vizuri na kusalimia watu kama kawaida. Kisha mambo yanaanza taratibu: anasahau majina, anakasirika ovyo, mwanga unamuumiza, usingizi hauji. Kazini wanasema amekuwa mvivu. Nyumbani wanajua kuwa huyu siye waliyemzoea.

Kwa sheria ya Tanzania Bara, huyu naye anastahili fidia. Shida ni kwamba muda wa kudai unahesabiwa kuanzia siku ya ajali, wala si siku ambayo mke au mume alishtuka kuwa kuna kitu hakiko sawa.

Nani analipa?

Anayelipa ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanzishwa kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Na. 20 ya mwaka 2008. Ulianza kazi mwaka 2015 na unahusu sekta ya umma na binafsi. Zamani, chini ya sheria iliyorithiwa kutoka kwa mkoloni, kiwango cha juu cha fidia kilibaki shilingi laki moja na kidogo, hata kwa mtu aliyepata ulemavu mkubwa.

Mchango wa WCF hutolewa na mwajiri peke yake, na kwa mtumishi wa umma mwajiri huyo ni Serikali. Kwenye salary slip hauonekani kama makato, na huenda ndiyo maana watumishi wengi hawaukumbuki mpaka ajali itokee.

Mfano wa Kihonda

Chukua afisa ugani anayeishi Kihonda, kata ya Manispaa ya Morogoro iliyo upande wa barabara ya Dodoma, lakini kituo chake cha kazi ni Mgeta, huko juu kwenye milima ya Uluguru. Anapanda na pikipiki ya ofisi kukagua mashamba ya kabichi, mvua inanyesha, barabara inateleza, anaanguka na kichwa kinagonga jiwe. Anazimia dakika chache, anaamka, anajifuta matope na kuendelea na safari. "Nimeumia kidogo tu," anamwambia mkewe jioni.

Sentensi hiyo inaweza kuigharimu familia.

Damu inaweza kuvuja polepole chini ya fuvu na dalili zikaja wiki kadhaa baadaye. Kama siku ya kwanza hakwenda hospitali, hakuna karatasi inayounganisha jeraha na kazi. Kama alikwenda, faili litakuwa na vitu vya maana sana: saa aliyofika, kama alipoteza fahamu, alama zake kwenye kipimo cha Glasgow (3 ni mbaya kabisa, 15 ni mtu aliye na fahamu kamili) na majibu ya CT scan kama ilifanyika. Hata alama 15 hazimaanishi kwamba ubongo haujaumia, kwa hiyo dalili zinazokuja baadaye nazo zirudishwe kwa daktari ziandikwe.

Jambo lingine linalochanganya watu: Mgeta iko Halmashauri ya Wilaya ya Mvomero. Familia ipo Kihonda, lakini taarifa haipelekwi Manispaa. Inakwenda kwa mwajiri wake, yaani kwa afisa utumishi wa Mvomero. Mwajiri ana siku 7 za kuijulisha WCF baada ya kupata habari za ajali. Dai lenyewe linatakiwa lifike ndani ya miezi 12.

Miezi 12 inaonekana mingi, lakini kwa mgonjwa wa kichwa ni michache. Kuna rufaa kutoka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro kwenda MOI Dar es Salaam au Benjamin Mkapa Dodoma, kuna kusubiri vipimo, na mgonjwa mwenyewe hakumbuki alipoweka fomu. Ni bora dai lifunguliwe mapema na taarifa za daktari ziongezwe baadaye.

Anapata nini?

Kwanza ni matibabu. Akiwa hawezi kufanya kazi kwa muda, sheria inampa asilimia 70 ya kipato chake cha mwezi, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Ulemavu ukibaki, madaktari wanaupima kwa asilimia: usiozidi 30 unalipwa mkupuo, ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Kwa jeraha la ubongo tathmini hii ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu kumbukumbu na hasira havipimwi kwa rula. Asiyeridhika na uamuzi anaruhusiwa kuomba upitiwe upya.

Kuna mafao mawili ambayo familia huwa hazijui kama yapo. Moja ni utengamao, yaani kumsaidia mgonjwa arudi kwenye maisha na kazi. La pili ni malipo kwa ajili ya mtu anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza. Mke aliyefunga genge lake ili amlishe na kumuogesha mumewe aliulizie hili bila aibu.

Mtumishi akifariki, kuna msaada wa mazishi na malipo kwa wategemezi, wakiwemo mjane au mgane na watoto.

Familia ikiumia yenyewe

Hapa ndipo penye pengo. WCF inamlipa mfanyakazi aliyeumia, na wategemezi wanaingia pale anapofariki. Mtoto aliyekuwa amepakiwa kwenye pikipiki ileile akaumia kichwa, hana dai WCF. Huyo anabaki na bima ya chombo au mahakama.

Marekani walikwenda njia nyingine. Baada ya wanadiplomasia wao Havana, Cuba, kuanza kulalamika mwaka 2016 kuhusu kizunguzungu, maumivu ya kichwa na kupoteza kumbukumbu, Oktoba 2021 Rais Joe Biden alisaini HAVANA Act. Sheria hiyo inaruhusu malipo kwa mtumishi na pia kwa mwanafamilia wake aliyeumia ubongo katika matukio hayo, ingawa chanzo chake bado kinabishaniwa hadi leo.

Kwa familia ya Kihonda, cha kufanya wiki hii ni kidogo zaidi. Chukua daftari la shule, andika tarehe na saa ya ajali, njia aliyopita, nani alimuona, kisha kila siku andika alichosahau au kilichomuuma. Nenda nalo kwa daktari kila kliniki. Nakala ya fomu iliyopelekwa kwa afisa utumishi ibaki nyumbani, ikiwa na mhuri wa siku ilipopokelewa.