Kiwavi-ala: istilahi ya nondo wa majarubani

Nondo aitwaye kitaalamu Parapoynx stagnalis ni mdogo, mweupe, mwenye madoa ya kahawia, naye huruka usiku penye maji yaliyotuama, hasa majaruba ya mpunga ya Asia na Afrika. Anayemtesa mkulima si nondo mwenyewe bali buu wake. Buu huyo hukata ncha ya jani la mpunga, huiviringa iwe mrija, huufunga kwa hariri yake, kisha huishi humo na kutembea nao. Napendekeza tumwite kiwavi-ala, kwa kuwa mrija huo humvika kama ala ivikavyo kisu.

Wapo watakaosema neno funza linatosha, maana wakulima wamekwisha zoea funza wa mashina na funza wa vitumba. Hoja hiyo ina uzito, kwani istilahi isiyotamkwa shambani haina kazi. Lakini funza hao hutoboa mmea na kujificha ndani, ilhali huyu hukwangua ukijani wa jani kwa nje na kuacha michirizi myeupe. Mnyoo ndilo jina baya kuliko yote: mnyoo hageuki kuwa nondo. Kiswahili kilikwisha kutuonyesha njia kilipounda kiwavijeshi, jina linalotaja kwanza kiumbe, kisha tabia yake. Ni kweli kwamba ala ni chombo cha muziki pia; muktadha wa shamba huondoa utata huo.

Pingamizi zito zaidi ni la anayeuliza kwa nini tusiseme kiwavi-maji, maana kiumbe huyu ana matamvua na hupumua majini. Jibu ni kwamba maji hayamtofautishi na jamaa zake. Elophila nymphaeata wa Ulaya, ambaye Linnaeus alimpa jina mwaka 1758, naye hukulia majini, ila yeye hujikinga kwa vipande bapa vya majani ya yungiyungi na mimea mingine ya bwawani. Tena ala yenyewe hubeba maji: utando wa maji uliomo huyalowanisha matamvua kiwavi anapopanda jani kula. Jaruba likikauka, kinga hiyo hutoweka. Basi maofisa ugani waandike kiwavi-ala katika vipeperushi vyao, na chini yake waandike dawa isiyouzwa dukani: toa maji jarubani kwa siku 2 hadi 3, viwavi watakufa.