Ngoma ya Wagogo na Mipango ya Chamwino

Chamwino iko mashariki ya Dodoma, katika nchi ya Wagogo, nchi ya mvua haba na ya wafugaji wa ng'ombe. Mwaka 1971 Serikali iliendesha Operesheni Dodoma, na watu waliokuwa wakikaa mbali mbali katika matembe yao walikusanywa katika vijiji vya ujamaa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikwenda Chamwino akafyatua matofali pamoja na wanakijiji. Mwaka 1973 Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu ya nchi. Na mwaka 2023 Ikulu mpya ilifunguliwa hapo hapo Chamwino.

Mipango ya namna hii huhesabu nyumba, visima, shule na barabara. Lakini watu na vyombo vyao waweza kupakiwa katika lori, ngoma haipakiwi. Muheme ni ngoma ya wanawake, nayo imefungamana na unyago. Zeze nalo lataka mzee wa kufundisha na kijana wa kuketi karibu naye. Mambo haya hukaa katika ujirani, na ujirani ukivunjika, nayo hutikisika.

Si kwamba Serikali iliusahau utamaduni. Mwaka 1962 iliuundia wizara. Lakini njia iliyozoewa ilikuwa kumtoa msanii kijijini na kumpandisha jukwaani mjini. Hukwe Zawose, Mgogo hodari wa zeze na marimba, alikwenda Dar es Salaam, kisha akakaa Bagamoyo, na sauti yake ikavuma hata Ulaya kabla ya kufariki kwake mwaka 2003. Sifa hiyo ilikuwa ya taifa zima, na ilistahili. Hata hivyo, kisima hakijai kwa maji yaliyotekwa ndani yake.

Mwaka 2009 mwendo uligeuzwa. Kedmon Mapana, Mgogo na mwalimu wa muziki, aliongoza kuanzishwa kwa tamasha la muziki wa Wagogo huko Chamwino. Safari hii msanii hakuhama. Vikundi vya vijiji vilikuja na ngoma zao mbele ya jamaa zao, na mgeni ndiye aliyefunga safari.

Tamasha nalo lina hatari yake. Muheme uchezwao kwa dakika chache ili kumpendeza mgeni waweza kubaki na mapigo ukapotewa na maana. Kinga yake ni moja: wakunga wa ngoma hizo, yaani akina mama na wazee wa vijiji, wawe ndio waamuzi wa nini kichezwe, na nani afundishwe, na lipi lisionyeshwe hadharani. Pasipo hivyo, tamasha litakuwa mpango mwingine uliotoka nje, wenye vazi la kienyeji.

Mji sasa wakua kando ya Ikulu, na mji ukuao huvuta wageni. Ukikua bila uwanja wa ngoma, Wagogo watakuwa wapangaji katika nchi yao wenyewe. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Lakini hawezi kutunzwa asiyeachiwa kwao pa kuchezea.