Aliyechemsha Kisu

Nikiwa shuleni Likunja niliwahi kusema uongo. Mwalimu aliuliza wazee wetu walifanya kazi gani. Mmoja akasema karani, mwingine askari. Mimi nikajibu, "Babu yangu alikuwa dresa." Wapi! Babu huyo, mjomba wa mama yangu, alikuwa dobi na mchemsha vyombo katika hospitali ya misheni. Niliona nikiitaja kazi hiyo darasa zima litacheka.

Nilipokua nikaanza kusoma historia ya kwetu. Kumbe siyo mimi peke yangu niliyemficha, hata vitabu vimemficha. Fungua habari za Nachingwea, ambamo na Ruangwa yetu ilikuwamo kabla haijawa wilaya. Utakuta mradi wa karanga wa Waingereza wa mwaka 1947, utakuta reli, utakuta wapiganaji wa FRELIMO. Ukiuliza habari za matibabu, utatajiwa jina moja: Dakta Leader Stirling.

Anastahili, sibishi. Mwingereza huyu alifika kusini mwaka 1935, akafanya kazi Lulindi, upande wa Masasi, na tangu 1949 akawa Mnero, Nachingwea. Baadaye akaingia Bungeni, na mwaka 1975 Mwalimu Nyerere akamteua kuwa Waziri wa Afya.

Lakini hebu tujiulize, ndugu msomaji. Daktari mmoja, huko porini, anapasuaje tumbo la mtu na mtu akapona? Kisu lazima kichemshwe. Maji ya kuchemshia lazima yachotwe, na vijijini kwetu siku hizo maji hayakuja kwa bomba, yalikuja kichwani. Kuni lazima zikatwe. Shuka lenye damu lazima lifuliwe leo leo, maana kesho yupo mgonjwa mwingine. Usiku taa lazima ishikwe na mtu asiyetetemeka. Kila "lazima" hapo ina mtu wake, na mtu huyo hana ukurasa.

Wala jambo hili siyo la kwetu tu. Mwaka 1847, huko Vienna, Dakta Ignaz Semmelweis aliwaamuru madaktari wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwashika wajawazito. Vifo vya akina mama vikashuka sana. Jina lake tunalo mpaka leo. Je, waliojaza yale mabeseni kila asubuhi? Beseni tupu lisingemwokoa mama hata mmoja. Na UVIKO-19 ilipoingia mwaka 2020, sote tulirudi kule kule kwenye ndoo na sabuni.

Mama husimulia kwamba babu alikuwa akirudi nyumbani viganja vimechubuka kwa sabuni. Akiulizwa kashindaje, hujibu, "Leo hajafa mtu." Basi. Hasemi daktari kaponya, wala hasemi mimi nimeponya. Aliijua hesabu ya siku, akalala.

Wenzangu wa kalamu, wakubwa wana waandishi wao. Sie tunaotoka kwa madobi, wapishi, wafagizi na walinzi wa usiku, tukinyamaza nani ataandika? Tuwaulize wangali hai, tuandike walichofanya, saa ngapi, kwa vyombo gani.

Mimi naanza kwa kusahihisha jibu langu. Samahani, Mwalimu. Babu yangu alikuwa dobi.