Matimbo ya Kilifi: Sheria zinavyomlinda mchimba mawe, na pale ulinzi unapomkosa

Mwambao wa Kilifi na Malindi umejengwa kwa mawe yaliyotoka katika ardhi yake wenyewe. Mji wa kale wa Gede, ambao magofu yake yangali yamesimama msituni karibu na Watamu, ulijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa. Hata leo shule, zahanati, misikiti, makanisa na nyumba za kupangisha huinuliwa kwa mawe ya aina hiyo hiyo. Hata hivyo, kazi ya kuyatoa mawe hayo ardhini ni miongoni mwa kazi zenye hatari kubwa, na sheria zinazoisimamia zimetawanyika katika vitabu na ofisi mbalimbali, kiasi kwamba si rahisi mtu wa mtarimbo na nyundo kuzifahamu zote.

Timbo, kwa mtazamo wa wataalamu, ni mgodi wa wazi. Tofauti yake na migodi mikubwa ya makaa ya mawe inayochimbwa juu ya ardhi katika nchi nyingine ni ukubwa na aina ya kinachochimbwa, wala si aina ya hatari. Pwani ya Kenya haichimbi makaa ya mawe. Akiba inayojulikana zaidi nchini iko katika Bonde la Mui, Kaunti ya Kitui. Lakini ukuta wa udongo au mwamba uliokatwa wima huporomoka kwa kanuni zile zile popote ulipo. Mnamo Februari 22, 2023, ukuta wa mgodi wa wazi wa makaa katika eneo la Inner Mongolia, China, uliporomoka na watu 53 wakapoteza maisha. Julai 2020, zaidi ya wachimbaji 160 walifariki Hpakant, Myanmar, baada ya mvua kubwa kuangusha lundo la udongo katika machimbo ya vito. Hapa nchini, maporomoko katika machimbo ya dhahabu ya Hillo, Kaunti ya Marsabit, yaliua watu kadhaa Mei 2024.

Mawe mbalimbali, hatari mbalimbali

Si mawe yote ya Kilifi yaliyo sawa. Karibu na bahari, kuanzia Mtwapa na Vipingo hadi Malindi, kuna ukanda wa mawe ya matumbawe, ambayo ni laini kiasi cha kukatwa kwa msumeno wa mashine au hata kwa mkono. Ndani kidogo, kuelekea Kambe na Jaribuni, kuna mwamba wa chokaa ulio mkongwe na mgumu zaidi, unaotumiwa kutengeneza kokoto na malighafi ya saruji. Upande wa Mazeras, kwenye mpaka wa kaunti za Kilifi na Kwale, huchimbwa mawe bapa ya mchanga yanayotandazwa katika nyua na kuta za nyumba mijini.

Hatari ya kwanza katika mawe ya matumbawe ni mapango. Mwamba huo huliwa na maji ya mvua kwa karne nyingi, ukabaki na mashimo ambayo hayaonekani kutoka juu. Mashine au lori likisimama juu ya pango, ardhi inaweza kutitia ghafla. Hatari ya pili ni desturi ya kuukata ukuta sehemu ya chini kwanza kwa sababu mawe ya huko huwa bora, huku sehemu ya juu ikiachwa ikining'inia bila nguzo.

Mawe ya Mazeras nayo yana hatari isiyoonekana kwa macho. Mawe ya mchanga yana silika kwa wingi, na vumbi lake laini likivutwa kwa miaka mingi hutia makovu katika mapafu na kusababisha silikosisi, ugonjwa usio na tiba. Vumbi la matumbawe huwa na silika kidogo, ingawa nalo huwasha macho na kifua. Kwa hiyo kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi. Kinga iliyo bora ni kumwagia maji mahali panapokatwa ili vumbi lisipae, kisha barakoa maalumu ya kuzuia vumbi.

Kelele za mashine ni hatari nyingine. Kanuni za kuzuia kelele kazini za mwaka 2005 zinakataza mfanyakazi kukaa katika kelele inayozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa nane kwa siku.

Ukuta husomwa kila asubuhi

Ajali nyingi za kuporomoka kwa ukuta hutanguliwa na dalili. Nyufa hutokea juu, sambamba na ukingo wa shimo. Vijiwe na mchanga huanza kudondoka vyenyewe. Maji huchuruzika mahali palipokuwa pakavu. Wahenga waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta walikuwa na nyumba akilini, lakini katika timbo ufa hauzibwi: watu huondolewa.

Kwa sababu hiyo, msimamizi mwenye ujuzi hukagua ukuta kabla ya zamu kuanza, na hurudia ukaguzi huo baada ya mvua au baada ya baruti kulipuliwa. Ukuta mrefu hukatwa kwa ngazi, ili sehemu ya juu ikianguka iishie kwenye ngazi badala ya kumfikia mtu aliye chini. Udongo na mabaki ya mawe hayarundikwi ukingoni, kwa kuwa uzito wake huusukuma ukuta. Malori hupewa njia yake, na wanaotembea kwa miguu yao. Miezi ya masika na ya vuli huhitaji uangalifu zaidi, maana maji huongeza uzito wa udongo na kulegeza mshikamano wa mwamba.

Hakuna kati ya hatua hizo inayohitaji mtambo wa gharama. Zinahitaji mtu aliyepewa jukumu hilo kwa jina, na mamlaka ya kusimamisha kazi bila kuogopa kukaripiwa kwa sababu ya lori linalosubiri mzigo.

Ofisi tatu, majukumu matatu

Mmiliki wa timbo huwajibika mbele ya ofisi tatu kuu za serikali, na kibali cha moja hakichukui nafasi ya kibali cha nyingine.

Ya kwanza ni wizara inayosimamia madini. Sheria ya Madini ya mwaka 2016, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1940, huyahesabu mawe ya ujenzi kuwa madini. Mchimbaji mdogo Mkenya anaweza kuomba kibali cha uchimbaji mdogo mdogo, na mwekezaji mkubwa huhitaji leseni. Sheria hiyo humtaka mwenye leseni kuzingatia sheria ya usalama kazini, kuwa na mpango wa kukarabati ardhi, na kuweka dhamana ya kulinda mazingira. Vilevile hugawa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali panapochimbwa. Anayetumia baruti huhitaji kibali kingine chini ya Sheria ya Vilipuzi.

Ya pili ni Mamlaka ya Kitaifa ya Kusimamia Mazingira (NEMA). Chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999, machimbo ya mawe ni miongoni mwa miradi inayohitaji tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kazi kuanza, na ukaguzi wa mazingira baada ya hapo. Tathmini hiyo ndiyo nafasi ya wakazi kusema kuhusu vumbi, mitikisiko ya nyumba, visima, makaburi na maeneo ya ibada. Jambo hilo lina uzito wa pekee Jaribuni, ambako milima yenye mawe na madini ya chuma iko karibu na Kaya Kauma, mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008.

Ya tatu ni Idara ya Usalama na Afya Kazini, inayotekeleza sheria ya mwaka 2007. Mahali pa kazi sharti pasajiliwe na idara hiyo. Penye wafanyakazi 20 au zaidi sharti pawe na kamati ya usalama. Ukaguzi wa usalama hufanywa na mshauri aliyeidhinishwa angalau mara moja kila miezi 12. Mwajiri ndiye anayepaswa kutoa vifaa vya kujikinga kama kofia ngumu, buti, glavu na miwani. Mtu akifariki kazini, afisa wa usalama wa eneo hilo sharti aarifiwe katika muda wa saa 24, na taarifa ya maandishi ifuate katika siku saba.

Sheria hiyo pia inampa mfanyakazi kinga ambayo haitajwi mara nyingi. Akiona hatari kubwa iliyo karibu kutokea, anapaswa kumweleza msimamizi wake, na mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha mahali hapo kabla hatari haijaondolewa. Anayekataa kuingia chini ya ukuta wenye ufa basi si mvivu wala mkaidi. Ametimiza wajibu aliopewa na sheria.

Kibarua asiye katika daftari

Pengo kubwa zaidi si ukosefu wa sheria, bali ni mtu asiyeandikwa popote. Mchimba mawe anayelipwa kwa idadi ya mawe au kwa siku anaweza kufanya kazi miezi mingi bila jina lake kuwa katika daftari lolote. Kukiwa shwari, jambo hilo huonekana dogo. Ajali ikitokea, huwa ndiyo tofauti kati ya familia inayolipwa na familia inayochangiwa matangani.

Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo Mahakama ya Juu ilithibitisha uhalali wake Desemba 2019, inamtaka mwajiri kuwakatia wafanyakazi wake bima. Mfanyakazi akifa au kupoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi, fidia ni mapato ya miezi 96. Kwa mfano, kwa aliyekuwa akipata Sh15,000 kwa mwezi, kiasi hicho ni Sh1,440,000. Haki hiyo inaweza kupotea ajali isiporipotiwa kwa mwajiri katika muda wa miezi 12.

Nayo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja hahesabiwi tena kuwa kibarua wa kutwa, bali mwenye mkataba. Tatizo huwa ni ushahidi. Kwa hiyo daftari la mahudhurio lenye jina, tarehe na malipo ni kifaa cha usalama sawa na kofia ngumu. Asiyepewa nafasi katika daftari la mwajiri ana sababu ya kuhifuadhi rekodi zake mwenyewe, zikiwemo jumbe za malipo kwa simu na majina ya walioshuhudia kazi yake.

Funzo kutoka Magarini

Kilifi ilikwisha kuona jinsi malalamiko yaliyopuuzwa yanavyokua. Mwaka 2005, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilifanya uchunguzi wa hadharani kuhusu uzalishaji wa chumvi Magarini, ambayo wakati huo ilikuwa katika Wilaya ya Malindi, na kutoa ripoti yake mwaka 2006. Wakazi walieleza malalamiko kuhusu ardhi, maji ya visima kuingiwa na chumvi, uharibifu wa mazingira na hali ya wafanyakazi. Chumvi na mawe ni bidhaa tofauti, lakini uchunguzi huo ulionyesha kwamba usalama wa mfanyakazi, kisima cha jirani na hati ya ardhi ni mambo yanayofungamana. Mahali ambapo moja limepuuzwa, mengine nayo huwa mashakani.

Shimo likishaachwa

Kazi ya timbo haiishi mawe yanapokwisha. Shimo lililoachwa bila uzio hukusanya maji ya mvua, likawa mazalio ya mbu na mtego kwa watoto na mifugo. Ndiyo maana sheria hudai mpango wa ukarabati kabla ya jiwe la kwanza kutolewa, wakati mwekezaji angali ana hamu ya leseni.

Kwamba ukarabati unawezekana si jambo la kubuniwa. Bamburi, kusini kidogo ya mpaka wa Kilifi, mtaalamu René Haller alianza mwaka 1971 kuotesha miti katika timbo la kiwanda cha saruji lililokuwa jangwa jeupe. Kati ya aina 26 za miti iliyojaribiwa mwanzoni, tatu tu zilistahimili, ukiwemo mvinje. Majani ya mvinje yalipokataa kuoza, waliletwa majongoo wakayala na kuyageuza rutuba. Leo mahali hapo ni bustani ya wanyama na miti inayoitwa Haller Park, ambako watoto wa shule hupelekwa kwa ziara.

Wakazi wanaoishi karibu na timbo wanaweza kuomba kuonyeshwa leseni ya NEMA na ripoti ya tathmini, na Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kulinda mazingira safi bila kulazimika kuthibitisha kuwa ameumia yeye binafsi. Malindi ina Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mfanyakazi naye anaweza kupeleka lalamiko lake kwa afisa wa usalama kazini aliye karibu. Njia hizo huchukua muda, na ukuta wenye ufa hausubiri. Kwa hiyo uamuzi wa kwanza hubaki kwa aliye timboni asubuhi hiyo: kuutazama ukuta kabla ya kushuka, na kutoshuka ukiwa na dalili.